Waacheni Wanafunzi Wachore Njia

Katika vyuo vikuu vya Mbeya na Iringa kuna mvutano usiokwisha kati ya watunza bustani na miguu ya wanafunzi. Ukoka hupandwa, humwagiliwa, huwekewa kibao cha kukataza watu kuukanyaga. Muhula haujafika katikati, kijia kimeshatokea, chembamba, kimenyooka kutoka kona ya bweni hadi mlango wa ukumbi wa mihadhara. Inaletwa seng'enge; kijia kinahamia nyuma ya nguzo ya mwisho. Inapandwa michongoma, baada ya msimu mmoja wa mvua michongoma ina upenyo wa kupitisha mtu kwa ubavu, begi likiwa limebanwa kifuani. Kisha hutoka tangazo lenye mhuri kuhusu nidhamu.

Kazi yangu ni mipango miji, na katika kazi hiyo waenda kwa miguu ndio ninaowafuatilia zaidi. Msimamo wangu nausema mapema. Kijia hicho kina taarifa sahihi kuliko ramani iliyotundikwa ofisini, na chuo kinachokiziba kinapoteza fedha na kuwachosha vijana wake bure. Kinachotakiwa ni kukikubali, kukiwekea mawe, mfereji na taa, kisha kwenda kuitazama upya ratiba ya vipindi, maana humo ndimo mwanafunzi anamolazimishwa kukimbia.

Miji yenyewe tunaifahamu. Iringa imekaa juu mlimani, Ruaha Mdogo ukipita chini yake, kwenye mwinuko wa mita kama 1,600 kutoka usawa wa bahari. Anayepanda kwa miguu kutoka Ipogolo kwenda mjini hahitaji kuelezwa maana ya mwinuko. Mbeya iko juu zaidi, kama mita 1,700, chini ya mlima Loleza. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, halafu unashika ubaridi wa Juni na Julai, halafu vumbi. Udongo mwekundu wa Iringa ukilowa unanata kwenye soli mpaka kiatu kinakuwa kizito mara mbili. Ule wa Mbeya una majivu ya volkano za Rungwe ndani yake, na wakati wa kiangazi hupondeka ukawa unga unaoingia hata kwenye soksi.

Vyuo navyo si haba. Mbeya ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, yaani MUST, kule Iyunga. Ina Teofilo Kisanji, ina Chuo Kikuu Katoliki, ina ndaki ya Mzumbe na ndaki ya afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Iringa ina Mkwawa, ina Chuo Kikuu cha Iringa kule Kihesa ambacho wenyeji wengi bado wanakiita Tumaini, na ina Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha. Viwili kati ya hivyo vinatusaidia kuelewa tatizo lilikoanzia. Majengo ya Mkwawa yalianza mwishoni mwa ukoloni kama shule ya bweni ya watoto wa Kizungu, yakawa sekondari ya Mkwawa baada ya uhuru, na mwaka 2005 yakawa chuo kishiriki cha elimu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. MUST ilianza mwaka 1986 kama Chuo cha Ufundi Mbeya, ikawa taasisi mwaka 2005, ikawa chuo kikuu mwaka 2012.

Shule ya bweni hupangwa kwa mantiki yake. Mwanafunzi analala humo, anakula humo, anaingia darasani kwa kengele na anatoka kwa kengele. Geti ni moja ili mlinzi awe mmoja. Lami inatoka getini kwenda jengo la utawala kwa sababu anayetarajiwa kuingia na kutoka kila siku ni mwenye gari. Mpangilio huo ulifaa kwa wanafunzi mia kadhaa wanaolala ndani. Leo mabweni hayatoshi, sehemu kubwa ya wanafunzi wamepanga mageto mitaani, na kila asubuhi chuo kinapokea mafuriko ya watu ambao mchoraji wa awali hakuwafikiria. Wanatoka nyuma, wanatoka bondeni, wanatoka upande ambao kwenye ramani umeandikwa mpaka.

Na wanatoka kwa miguu. Posho ya chakula na malazi inayotolewa na Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23. Kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Humo mtoto wa watu anatoa kodi, mkaa au gesi, wali maharage kwa mama ntilie, vocha, na kutoa kopi steshenari. Tuseme bodaboda inamdai 1,000 kwenda na 1,000 kurudi: moja ya tano ya siku yake imeishia barabarani. Kwa hiyo bumu, yaani posho hiyo, likishatoka utaona pikipiki nyingi getini kwa wiki mbili hivi, halafu zinapungua, na vile vijia vinarudi kung'aa.

Sasa tueleze kijia kinavyozaliwa. Chukua bustani ya mraba yenye mita 100 kila upande. Anayefuata lami pembeni anatembea mita 200 kufika kona ya pili. Anayekatiza anatembea mita 141. Ameokoa mita 59, na kwa mwendo wa kawaida wa mita 80 kwa dakika hizo ni sekunde zaidi ya 40. Kidogo? Kozi ya watu 500 ikikatiza mara moja tu imejiokolea karibu kilomita 30. Mtu wa kwanza anapita juu ya nyasi zilizosimama na anaacha alama hafifu. Wa pili, akiwa anasitasita, anaiona alama ile na anaifuata kwa sababu ni rahisi kukanyaga palipokwisha kukanyagwa. Wa mia haoni tena nyasi, anaona njia. Mwaka 1997 Dirk Helbing na wenzake wawili, Joachim Keltsch na Péter Molnár, walichapisha katika jarida la Nature hesabu inayoeleza jambo hilihili, na mojawapo ya mahali walipoanzia kutazama ni nyasi za Chuo Kikuu cha Stuttgart, Ujerumani. Walionyesha kwamba mtandao wa vijia hujipanga wenyewe bila kiongozi, ukitafuta muafaka kati ya njia fupi kabisa kwa kila mmoja na njia chache zinazotosha wote. Mzunguko mdogo watu wanauvumilia. Mzunguko wa asilimia 41, ambao ndio huo wa kufuata pembe ya mraba, hawauvumilii, wawe Wajerumani au Wahehe.

Huko kwetu panaongezeka mlima. Mskoti William Naismith alitoa mwaka 1892 kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo: hesabu saa moja kwa kila kilomita tano, kisha ongeza dakika moja kwa kila mita kumi unazopanda. Geto lililoko bondeni, mita 40 chini ya ukumbi wa mihadhara, linamwongezea mwanafunzi dakika nne ambazo ramani haizionyeshi. Ndiyo maana vijia vya Mbeya na Iringa havinyooki kama vile vya bustani ya tambarare. Vinapinda pale mteremko unapokuwa mkali, vinaambaa na kingo ya kiwanja, vinatafuta mzizi wa mkaratusi wa kukanyagia kama ngazi. Aliyewahi kupima barabara ya mlimani akivitazama atatambua kazi nzuri. Vijana hao, kwa miguu tu na bila darubini ya upimaji, wamepata mwinuko ambao pafu na paja vinaweza kuuhimili kila siku. Fundi akija baadaye na kuchonga ngazi zilizonyooka kutoka chini hadi juu, za kupendeza kwenye picha, asishangae zikipitwa pembeni.

Lakini umbali na mlima ni nusu ya habari. Nusu nyingine iko kwenye ratiba, na hapa ndipo nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo pasipotazamwa kabisa. Vipindi vingi hupangwa kwa saa kamili: kimoja kinaisha saa nne, kingine kinaanza saa nne. Kwenye karatasi, safari kati ya kumbi mbili inachukua dakika sifuri. Sasa weka wanafunzi 400 kwenye ukumbi wenye mlango wa mabawa mawili. Nenda ukautazame mlango wenyewe: bawa moja limefunguliwa, la pili limefungwa kwa komeo lililoshika kutu, na mbele yake pamewekwa viti vibovu. Kwenye upenyo wa bawa moja anapita mtu mmoja kwa sekunde, haijalishi nyuma wanasukuma kiasi gani. Wakisukuma sana ndiyo wanachelewa zaidi. Watu 400 ni sekunde 400, karibu dakika saba. Kisha mita 800 hadi ukumbi wa pili ni dakika kumi. Kuingia nako ni kwa mlango mwingine wa bawa moja. Jumla kwa anayetoka wa mwisho ni dakika 17, na mwalimu wa pili ameshaanza kuita majina ya mahudhurio.

Ongeza uhaba wa viti. Kipindi cha kozi ya pamoja kina watu kuliko siti, na anayefika mwisho anasikilizia dirishani. Kwa hiyo watu hutumana: mmoja anatangulia na madaftari ya wenzake watano, anayapanga kwenye siti za mbele, wengine wanakuja nyuma. Yule anayetumwa ndiye unayemwona anakatiza bustani kwa hatua ndefu, hatazami kulia wala kushoto. Ukimkamata na kumwandikia barua, kesho atatumwa mwingine.

Kuna pia saa ya jua. Nchi nzima tunatumia saa moja, lakini jua halituchomozei kwa wakati mmoja. Mwezi wa Juni, Dar es Salaam inapopata jua yapata saa 12:30 asubuhi, Mbeya bado ina karibu nusu saa ya kusubiri. Jua lake linachomoza karibu saa moja kamili. Kipindi cha saa moja asubuhi kikipangwa Dar es Salaam, mwanafunzi anatembea kweupe. Kikipangwa Iyunga mwezi huohuo, aliyeko geto la mbali ametoka saa 12:20, giza bado totoro, ukungu umelala bondeni, baridi inachoma masikio. Utaratibu ni uleule, lakini kwa huyu ni safari ya usiku. Iringa, iliyo katikati, inapata nafuu kidogo tu. Na hiyo ndiyo miezi ya mwisho ya muhula wa pili, wakati wa majaribio na mitihani, ambapo kuchelewa kunaweza kumletea mtu sapu, yaani mtihani wa marudio.

Wapo watakaosema vijana hawa hawana haraka yoyote, kwani tunawaona wakitembea taratibu, wameziba njia nzima, simu mkononi. Hili nalisikia sana kutoka kwa walimu, na naona linawaonea vijana. Mehdi Moussaïd na wenzake walipopima watembeao mitaani kwa utafiti uliochapishwa mwaka 2010, walikuta sehemu kubwa ya watu hawatembei peke yao. Wako wawili wawili, watatu watatu. Watu watatu wanapoongea hujipanga kama herufi V, wa katikati akibaki nyuma kidogo, ili kila mmoja amwone mwenzake. Mpangilio huo unapunguza mwendo, na wao wanakubali kupunguza kwa sababu wanataka kusikilizana. Mazungumzo yenyewe ukiyasikiliza ni somo: nani ameelewa swali la tatu, mwalimu alikosea wapi ubaoni, tukutane wapi jioni tufanye kazi ya kundi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyetoka Kigoma au Mtwara anajifunza njiani kuitikia "kamwene" ya bibi anayeuza parachichi, na kupitia bibi huyo anafahamu nyumba gani ina chumba cha kupanga. Kosa liko kwenye upana. Watu watatu wanahitaji kama mita mbili, na njia nyingi za vyuo zimemwagwa zege la mita moja na ushee. Wa tatu akikanyaga ukoka, aliyekosea ni aliyepima njia.

Wengine wanasema tatizo litaondoka kwa kununua mabasi. Basi la chuo lina kazi yake, hasa usiku na kwa wanaokaa mbali, na sipingi liwepo. Lakini Coaster moja inabeba watu kama 30 waliokaa. Wanafunzi 3,000 wanaotaka kufika kabla ya saa mbili ni safari 100 za Coaster ndani ya saa moja, kwenye barabara moja, kupitia geti moja. Hakuna chuo cha nyanda za juu kusini kitakachomudu hilo, na hata kikimudu, foleni yake itakuwa ndefu kuliko mwendo wa miguu. Zaidi ya hapo, mwili unafaidika: Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mwanafunzi anayetembea dakika 25 kwenda na 25 kurudi kwa siku tano ana dakika 250. Ila faida hiyo isitumike kuwanyamazisha. Afya ya kutembea haiondoi haki ya kutembea pakavu.

Kuna hoja ya tatu, yenye uzito zaidi: kwamba vijia vinaharibu mazingira, vinaleta makorongo. Ni kweli makorongo yapo. Nimeona kijia kilichoanza kwa upana wa mtu mmoja kikafika mita tano ndani ya mvua chache. Lakini tazama kilivyofika huko. Miguu inashindilia udongo, maji hayanywi tena, yanatafuta pa kwenda na kijia ndicho mfereji ulio tayari. Yanashuka nacho, yanachimba katikati. Katikati pakishakuwa tope, watembeao wanahamia ukingoni kwenye nyasi, nako kunashindiliwa, maji yanahamia huko. Kinachotanua kijia ni maji yasiyokatwa na tope lisilo na jiwe. Weka kizuizi cha mawe cha kukatisha maji kila baada ya hatua kadhaa, yaelekeze pembeni kwenye majani, mwaga moramu na kushindilia, na miguu ileile itabaki kwenye mstari mmoja kwa miaka. Kazi hiyo haihitaji mkandarasi wa daraja la kwanza.

Tope lina gharama ambayo haiandikwi popote. Asubuhi ya Februari, nje ya kumbi za mihadhara, utawaona wasichana kwa wavulana wamekuja na yeboyebo miguuni, viatu vya darasani vikiwa ndani ya mfuko mbadala. Wanapanga foleni kwenye bomba, wananawa mpaka kwenye magoti, wanajifuta kwa kitambaa kilicholetwa kwa kazi hiyo, wanavaa soksi wakiwa wamesimama kwa mguu mmoja na mkono begani kwa mwenzao. Siku maji yakikatika, wanaingia hivyohivyo, na sakafu ya ukumbi inakuwa shamba. Kila mmoja amepoteza dakika tano au kumi kabla hajaandika neno moja. Wenye nyumba wanalalamika, wafanya usafi wanalalamika, walimu wanalalamika, na lawama zote zinamwangukia aliyetembea.

Nje ya uzio hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa njia haina mwenyewe. Ndani ya chuo kuna ofisi ya miliki. Barabara kuu ni ya TANROADS. Barabara za mitaa ni za TARURA tangu mwaka 2017. Kijia kinachotoka mageto ya Ikuti au Kihesa kwenda chuoni kinapita kwenye viwanja vya watu ambavyo bado havijajengwa, pembeni ya mahindi, nyuma ya choo cha mtu, juu ya mbao mbili zilizotandikwa mferejini. Hakimo kwenye daftari la ofisi yoyote. Siku mwenye kiwanja akiamua kumwaga msingi na kuzungusha ukuta, ana haki yake kamili, na mamia ya watu wanapoteza njia bila taarifa. Wanazunguka na barabara ya magari, wanachelewa wiki moja, kisha wanapata upenyo mwingine.

Hapohapo ndipo lilipo tundu la uzio. Kila chuo kinalijua lake. Walinzi wanalifahamu, wanafunzi wanaliita geti, kila mwaka linazibwa na kila mwaka linafunguliwa. Sababu ni ileile ya shule ya bweni: geti rasmi linatazama barabara kuu, wanafunzi wanaishi nyuma. Anayelaaniwa kwa kupita tunduni angetakiwa kuzunguka nusu ya chuo ili aingie kwa heshima. Hoja ya usalama naielewa. Kompyuta zinaibiwa, wageni wasiojulikana wanaingia. Lakini tundu lisilotambulika halina mlinzi wala taa wala kitambulisho kinachokaguliwa, na kwa hiyo ndilo linalomfaa mwizi. Geti dogo la watembea kwa miguu, lenye mlinzi kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa nne usiku maktaba inapofungwa, ni ulinzi bora kuliko seng'enge iliyokatwa.

Wanaoumia zaidi kwa mpangilio huu ni wale wasioweza kupenya. Mwanafunzi mwenye kiti cha magurudumu hapiti tunduni wala hapandi ngazi. Yeye hana njia ya mkato kabisa, anabaki na mzunguko wote, na mara nyingi mzunguko wenyewe unaishia kwenye kingo ya zege isiyo na mteremko. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo na maeneo ya umma yafikike, na njia inayoelekea kwenye jengo ni sehemu ya kufikika. Na wasichana wanaotoka maktaba saa tatu usiku wamejitengenezea utaratibu wao: wanasubiriana mlangoni mpaka wafike wanne au watano, wanawasha tochi za simu, wanapita njia ndefu yenye maduka badala ya kijia kifupi chenye giza. Ukihesabu nyayo za mchana peke yake hutaiona hofu hiyo. Hesabu ifanyike usiku pia, na taa ziwekwe pale ambapo njia ya mchana na njia ya usiku zinaachana.

Mbeya ina jambo lake la ziada, na halisubiri. Barabara kuu ya Tanzania na Zambia inapanuliwa kuwa njia nne katika kipande cha kilomita 29 kutoka Nsalaga hadi Ifisi, na Iyunga iko kwenye mstari huo. Upanuzi unahitajika, kwani malori ya Tunduma yamelibana jiji kwa miaka mingi. Lakini njia nne ni mita 14 za lami, mbali na nafasi ya katikati. Mtu anayetembea mwendo wa kawaida anazivuka kwa sekunde kama 11, na katika sekunde hizo lori linalokwenda kilomita 50 kwa saa linakuwa limekimbia mita 150. Lililopakia na linaloteremka halisimami kwa kukanyaga breki mara moja. Kivuko cha mistari myeupe peke yake hakitoshi mahali ambapo wanafunzi wanashuka kwenye daladala kwa makundi. Kisiwa cha katikati cha kusimamia, taa ya kuvukia na matuta kabla ya kivuko viwekwe pale wanafunzi wanapovukia sasa, hata kama mhandisi angependa kivuko kikae mita 200 mbele.

Nini kifanyike, basi? La kwanza ni kuhesabu, na watu wa kuhesabu tunao. MUST inafundisha uhandisi ujenzi. Mkwawa inaandaa walimu wa jiografia. Wape kazi ya vitendo ya wiki mbili: waandike kila kijia, upana wake, mwinuko wake, watu wanaopita kila robo saa, mahali maji yanaposimama, mahali giza linapoanzia. Wahesabu wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, kwa maana vijia vinahama. Ramani hiyo ikishapatikana, chuo kichague njia chache zinazobeba watu wengi na kiziwekee moramu au peving za upana wa mita mbili hadi mbili na nusu, na mifereji ya kukata maji. Zilizobaki ziachwe zife zenyewe. Zile kubwa zikiwa nzuri, ndogo zinasahaulika na ukoka unarudi bila kibao.

La pili halihitaji hata shilingi moja. Vipindi viishe dakika kumi kabla ya saa, au vianze robo saa baada ya saa kama ulivyo utaratibu wa siku nyingi katika vyuo vya Ujerumani na Sweden. Anayepanga ratiba apewe umbali kati ya kumbi kama anavyopewa idadi ya siti, na kozi yenye vipindi viwili mfululizo ikae jengo moja au majengo jirani. Miezi ya Juni na Julai, Mbeya ianze vipindi saa mbili. Na yale mabawa ya pili ya milango yafunguliwe. Fundi mmoja mwenye mafuta na nyundo anaweza kumaliza chuo kizima kwa siku chache.

La tatu ni mazungumzo na mtaa. Uongozi wa chuo, serikali ya wanafunzi, mwenyekiti wa mtaa, TARURA na wenye viwanja wakae, wakubaliane njia ya mita mbili kati ya viwanja kabla kuta hazijapanda, na iandikwe. Wenye nyumba za kupangisha wana sababu ya kukubali: geto lenye njia kavu na taa linapata mpangaji mapema.

Nafasi nzuri kuliko zote iko mezani sasa hivi. Mradi wa HEET, wa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2021, unajenga kumbi, maabara na mabweni katika vyuo vya umma, MUST na Mkwawa vikiwemo. Kila jengo jipya ni mlango mpya, na kila mlango mpya utavuta kijia kipya kuanzia wiki ya kwanza. Kwa kawaida fedha ya njia za miguu huwekwa mwishoni mwa jedwali la gharama, chini ya mapambo ya nje, na ndiyo inayokatwa ya kwanza bei ya nondo ikipanda. Iondolewe kwenye mapambo. Iwe kifungu chake chenyewe, na nusu yake ishikiliwe kwa muhula mmoja baada ya jengo kufunguliwa, mpaka wanafunzi wawe wameonyesha wanapita wapi. Mhandisi mshauri asisaini cheti cha kukamilika kwa jengo hadi awe ametembea mwenyewe, siku ya mvua, kutoka geti dogo la nyuma mpaka mlangoni.